Sakafu ya mbao imeinuka kingo, na fundi anataka kuipiga msasa tena bure. Nimkubalie?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Miezi mitano iliyopita nilimpa mkandarasi kazi ya kuweka sakafu ya mbao ngumu sebuleni, kwenye korido na chumba kimoja cha kulala, kisha aipige msasa na vanishi. Chini ni zege. Juu yake aliweka plaiwudi, halafu mbao zenye upana wa sentimita 12 na unene wa sentimita 2. Mbao nilinunua mwenyewe, yeye akaziangalia akasema ni safi. Zilifika jioni, na kesho yake asubuhi vijana wake walikuwa wanapigilia. Yeye mwenyewe nilimwona siku ya kupatana bei na siku ya kudai pesa. Sasa sebuleni kingo za mbao zimeinuka, ukitembea bila viatu unazihisi. Chumbani kuna mapengo. Jua la asubuhi likiingia naona mikwaruzo ya nusu duara kandokando ya kuta na mawimbi katikati ya chumba. Mlangoni vanishi inabanduka vipande. Nikilalamika ananiambia mbao ni kitu hai, zinapumua, lakini kwa wema wake atakuja kupiga msasa upya bure, mradi nimmalizie asilimia 20 niliyobakiza. Nimkubalie, au nitafute mwingine?

JIBU: Dada, pole, na umefanya vizuri kubakiza hiyo asilimia 20. Kwa kifupi: usimruhusu awashe mashine, na usimmalizie pesa, mpaka mjue maji yanatoka wapi. Sisemi umfukuze. Huenda bado ni yeye atakayeitengeneza. Lakini huo msasa wa bure, ukipigwa sasa, unaweza kuifanya sakafu inayotibika iwe sakafu ya kung'olewa.

Nianze na mbao zenyewe, maana ukilielewa hili utajua la kumjibu hata akija na maneno mengine. Mbao si kitu hai na hazipumui, ila kasema nusu ya ukweli. Ubao uliokatwa na kukaushwa hauachi kuvuta unyevu wa hewa, na hewa ikikauka ubao nao huuachia. Huvuta na kuachia hadi ulingane na mahali ulipo. Ulinganifu huo umepimwa zamani na si siri ya mafundi: katika joto la kawaida la ndani ya nyumba, hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huuacha ubao na maji yanayofikia kama asilimia 9 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 65 huupandisha hadi kama 12, na ya asilimia 80 hadi kama 16. Maji yakiingia ubao hutanuka, yakitoka husinyaa. Urefu wake karibu haubadiliki kabisa. Upana ndio unaocheza.

Unacheza kiasi gani hutegemea mti, na hutegemea gogo lilivyopasuliwa. Mninga na mtiki zinasifika kwa utulivu. Ubao uliopasuliwa ukaufuata mduara wa gogo hucheza karibu mara mbili ya ule uliopasuliwa kuelekea moyo wake. Kwa mbao ngumu nyingi, kila asilimia moja ya maji inayoongezeka au kupungua hubadilisha upana kwa kati ya asilimia 0.2 na 0.4. Tuchukue ya katikati, 0.3. Ubao wako wa sentimita 12 ukitoka kwenye maji asilimia 9 ukapanda hadi 13, unatanuka kama milimita 1.4. Utasema hiyo si kitu. Panga mbao 30 zilizobanana kutoka ukuta hadi ukuta, unapata sentimita 4 zinazotafuta pa kwenda. Misumari na msuguano huzuia sehemu ya mwendo huo, ila nguvu yake ni kubwa, na ikikosa nafasi huweza kuzinyanyua mbao zikaachana kabisa na plaiwudi. Kwa sababu hiyo anayeijua kazi huacha mwanya wa milimita 10 hadi 20 kuzunguka kuta zote, akauficha chini ya skatingi, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya kuta.

Sasa hizo kingo. Upande wa chini wa ubao ukiwa na maji mengi kuliko wa juu, chini kunatanuka na juu kunabaki. Ubao unajikunja: kingo zinapanda, katikati panakuwa bonde. Hicho ndicho unachokihisi kwa nyayo. Mkandarasi akija na mashine leo, atazikata kingo hadi zilingane na bonde, atapaka vanishi, sakafu itang'aa na wewe utalipa. Chanzo cha maji kikija kuzibwa, au majira yakibadilika, chini kutakauka na kila ubao utajaribu kurudi kwenye umbo lake. Lakini kingo zake hazipo tena, zilishageuka vumbi. Kwa hiyo katikati itabaki juu na kingo zitakuwa chini, sakafu nzima ya migongo midogo midogo, na hali hiyo haiondoki kwa kukauka. Itabidi isuguliwe mara ya tatu.

Na mbao zako hazina unene wa kusuguliwa kila anapojisikia. Ubao wa sentimita 2 wenye ulimi na mfuo (ulimi wa ubao mmoja huingia kwenye mfuo wa ubao wa jirani) hauna sentimita 2 za matumizi. Kinachosuguliwa ni ile sehemu iliyo juu ya ulimi tu, yaani milimita 6 hadi 8 hivi, na ikikaribia kwisha vichwa vya misumari huanza kuchungulia. Msasa wa kwanza umeshakula kidogo. Kusawazisha kingo zilizoinuka hula zaidi ya msasa wa kawaida. Kumbe hiyo zawadi ya bure unailipia kwa maisha ya sakafu yako.

Basi kitangulie kipimo. Kipo kifaa kidogo cha kupimia unyevu wa mbao, chenye pini mbili zinazochomwa ndani ya ubao, na kila anayefanya kazi ya sakafu kwa dhati anacho. Mkandarasi wako kama hana, hapo umeshajifunza kitu. Zipimwe mbao za sebuleni, za korido na za chumbani, sehemu kadhaa kila chumba, na mahali pamoja au pawili pini zizame hadi upande wa chini wa ubao, au skatingi itolewe ili plaiwudi ipimwe kupitia ule mwanya wa ukutani. (Skatingi ikitolewa na mwanya usionekane, piga picha hapohapo.) Upande wa juu ukisoma kawaida na wa chini ukisoma namba kubwa sana, kuna maji yanayopanda. Upande wa juu ukisoma namba ndogo sana huku wa chini ukiwa kawaida, basi hakuna kilicholowa: uso wa sakafu unakaushwa kupita kiasi, labda na kiyoyozi kinachoelekezwa hapo au jua la dirishani. Umbo la ubao ni lilelile katika hali zote mbili, tiba ni mbalimbali, na jicho peke yake halitakuambia ipi ni ipi. Hata langu.

Kabla kifaa hakijapatikana, tazama uharibifu umekaa vipi. Kingo zilizoinuka sehemu moja tu, karibu na ukuta wa bafu, sinki, mlango wa nje au njia ya bomba, ni dalili ya uvujaji. Zikiinuka sebule nzima kwa kiwango kimoja, mshtakiwa wa kwanza ni zege. Watu wengi hawaamini zege linavyochukua muda kukauka. Kanuni ya kukadiria tunayotumia ni mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, tena hali ya hewa ikiwa nzuri. Zege la sentimita 10 lililomwagwa juzi bado litakuwa linatoa maji baada ya miezi mitatu, wakati juu linaonekana jeupe na kavu. Na zege lililokaa moja kwa moja juu ya ardhi, bila nailoni chini yake, halina siku ya kumaliza, kwa sababu ardhi inaendelea kulipatia maji.

Kama una stoo au kona ambako zege liko wazi na ni la kipindi kilekile, fanya jaribio hili mwenyewe. Kata nailoni nene inayoonyesha, mraba wa sentimita 45 kwa 45, ibandike kwa tepu kingo zote nne bila kuacha upenyo, iache usiku kucha, angalau saa 16. Ukikuta matone chini yake au zege limebadilika rangi, zege lina maji. Usipokuta kitu usishangilie bado: jaribio hili linaweza kuthibitisha unyevu, haliwezi kuthibitisha ukavu.

Chumba cha kulala ndicho kinachonivutia zaidi katika maelezo yako. Mbao zilezile, siku ileile, mikono ileile, lakini kule zimesinyaa. Dhana yangu ni kwamba zilifika na maji mengi kuliko nyumba yako inavyotaka, chumbani zikakauka zikaacha mapengo, na sebuleni kuna kitu kinachozilisha maji kwa chini. Ni dhana; kifaa kitaikubali au kuikataa.

Hapo ndipo ile haraka ya kupigilia asubuhi yake inapokuwa kosa zito. Mbao huletwa ndani ya nyumba ambayo plasta na rangi zimeshakauka na madirisha yapo, zinafunguliwa kwenye vifungashio, zinapangwa na vijiti katikati ili hewa ipite, kisha zinapimwa mpaka namba itulie. Hata wale wanaojigamba kwamba huziacha siku kadhaa mara nyingi hawajaelewa, kwa sababu siku hazina maana kama mbao zimebaki ndani ya nailoni zake. Kinachotakiwa ni namba mbili zilizokaribiana, ya mbao na ya plaiwudi. Kwa mbao nyembamba, chini ya milimita 75, tofauti isizidi asilimia 4. Kwa mbao pana kama zako isizidi 2. Usiku mmoja hautoshi kujua chochote.

Atakuambia mbao ulinunua wewe. Hoja hiyo ina uzito kuhusu ubora wa mbao, mafundo yake na rangi yake. Kuhusu unyevu haimwokoi, kwa maoni yangu, kwa sababu mtaalamu mliyemlipa ndiye aliyezishika mkononi, akasema ni safi, akazipigilia. Ubao mbaya unakataliwa kabla haujapigwa msumari. Sheria na mikataba hutofautiana, ila katika kazi yetu desturi ni hiyo: aliyeuweka ameukubali.

Mikwaruzo na mawimbi ni kesi tofauti, na hapa mbao hazihusiki hata kidogo. Ile mikwaruzo ya nusu duara kandokando ya kuta ni alama ya mashine ndogo ya pembeni. Mashine hiyo huzunguka, na lazima alama zake zipitiwe na msasa laini zaidi na zaidi, halafu pembe zimaliziwe kwa mkono. Namba ya msasa ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi. Msasa huanza na namba kama 36 au 40 kwa sakafu mpya, kisha 60, kisha 80, wengine hadi 100. Kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Ukiruka kutoka 40 hadi 100 kwa kuwa jioni imeingia, 100 haina meno ya kufuta mabonde ya 40; inayapaka mng'ao tu, na vanishi inakuja kuyaonyesha kama kioo. Mawimbi ya katikati hutokana na mashine kubwa iliyochakaa magurudumu au ngoma yake (silinda inayovishwa msasa), au iliyoendeshwa na kijana asiyefundishwa kwamba ngoma huinuliwa kabla mashine haijasimama. Ukisimama nayo sekunde mbili ikiwa inazunguka, umechimba bonde.

Ninakuomba uwe mwadilifu katika ukaguzi huu, kwani ndio utakaokupa nguvu. Sakafu hukaguliwa ukiwa umesimama, katika mwanga wa kawaida wa chumba. Ukipiga magoti na tochi iliyolazwa chini utapata kasoro kwenye sakafu ya ikulu. Nywele moja iliyonasa kwenye vanishi, tofauti za rangi kati ya ubao na ubao, mapengo membamba yanayofunguka na kufunga kwa majira, hayo si makosa ya mtu. Kinachoonekana ukiwa umesimama katikati ya sebule, saa za kawaida, mwanga ukiwa wa kawaida, hicho ni chako kudai. Mawimbi yanayoonekana asubuhi tu, jua linapokuja kwa ubavu, yako mpakani. Mimi ningeyaorodhesha lakini nisingeyafanya ndiyo hoja kuu. Mikwaruzo ya pembeni ikionekana hadi mchana, hiyo weka ya kwanza.

Kubanduka kwa vanishi mlangoni kuna sababu chache zinazojulikana. Ya kawaida kuliko zote: koti la kwanza limekauka likawa gumu, la pili likapakwa juu yake bila kukwaruzwa kidogo kwa msasa laini, hivyo halina pa kushika. Pengine vumbi halikufyonzwa, au kulikuwa na nta au mafuta. Na kama mbao zako ni mtiki, mti wenyewe una mafuta yanayoisumbua vanishi. Lazima ufutwe na kupakwa koti la kushikia kwanza. Tazama kinachobanduka: kikiacha mng'ao chini yake, koti limetengana na koti, kikiacha mbao tupu, tatizo liko kwenye maandalizi ya mbao zenyewe, au maji yanasukuma kutoka chini. Hifadhi vipande viwili vitatu kwenye bahasha.

Na kuna upande wako, ambao yeye atauibua hata nisipousema. Unapigaje deki? Maji ya ndoo juu ya sakafu ya mbao hupenya kwenye maungio na yanaweza kuinua kingo bila msaada wa zege. Kitambaa kikamuliwe hadi kisidondoshe. Je, ulirudisha zulia haraka? Vanishi ya poliyurethani ya mafuta hukauka juu kwa saa kadhaa, lakini huchukua kama mwezi mzima kukomaa. Ya maji huchukua wiki moja au mbili. Zulia na fanicha nzito vikiwekwa kabla, huacha alama. Kama lipo ulilofanya, liseme mwenyewe kabla hujaulizwa. Linapunguza hoja yako kidogo tu, kwani deki haikuchora nusu duara ukutani.

Sasa pesa na maneno. Acha kubishana kwa simu. Muandikie, kwa lugha ya baridi, kitu kama hiki:

"Nashukuru kwa kukubali kurudi. Kabla ya msasa wowote naomba tupime unyevu wa mbao juu na chini, wa plaiwudi na wa zege, katika vyumba vyote vitatu, mimi nikiwepo, na namba ziandikwe. Naomba pia unijulishe: zege lilipimwa kabla ya kazi? Kuna nailoni kati ya zege na plaiwudi? Mbao zilisoma ngapi siku zilipopigiliwa? Baada ya chanzo kujulikana na kurekebishwa, tukubaliane kwa maandishi kazi ya marekebisho na tarehe. Salio litalipwa marekebisho yakikamilika na kukaguliwa."

Ujumbe huo haumtukani wala kumtuhumu, na hauahidi pesa. Majibu ya yale maswali matatu yatakuambia mengi. Aliyepima huwa anakumbuka, mara nyingi ana picha. Akijibu kwamba ana uzoefu wa miaka mingi, maana yake hakupima.

Nailoni ndiyo itakayoamua ukubwa wa maumivu. Kama ipo, imepishanishwa vizuri, na maji yanatoka kwenye bomba au dirisha linalovuja, una bahati. Uvujaji uzibwe, hewa ipite, mbao ziachwe zikauke taratibu. Asilete hita na mafeni makubwa kuzichoma. Mbao ngumu zikikaushwa kwa pupa hupasuka. Muda wake ni wiki nyingi, mara nyingi miezi, na kipimo ndicho kinachotoa ruhusa: juu na chini zikilingana, na namba ikibaki palepale kwa vipimo vilivyoachana wiki kadhaa. Utashangaa kuona kingo nyingi zimelala zenyewe. Zisizolala zibadilishwe, zilizolegea zipigwe misumari, ndipo mashine iingie. Kabla ya hapo kupiga msasa ni kupaka rangi ukuta unaovuja.

Kama nailoni haipo na zege lina maji, hakuna dawa ya kupaka juu. Sebule itang'olewa. Najua si habari njema. Zege litazibwa kwa koti la kuzuia unyevu au nailoni isiyopungua unene wa milimita 0.15, iliyopishanishwa na kubandikwa maungio, kisha plaiwudi mpya. Mbao zenyewe zinaweza kuokolewa baadhi, zikitolewa kwa subira na si kwa nondo. Hapo usimuamini mtu yeyote, mkandarasi wako au mpinzani wake, kwa neno tupu: lipa mtu wa tatu asiyetafuta hiyo kazi, apime na kuandika. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kung'oa sebule bure, na karatasi yake ndiyo utakayokwenda nayo mkishindwa kuelewana na kufikishana mbele ya sheria.

Mapengo ya chumbani yasikusumbue sasa. Yaache mzunguko mzima wa majira upite. Yakijifunga yenyewe msimu wa unyevu, na wewe ulikuwa umeyajaza, kijazo kitatemwa au kitazisukuma mbao. Pengo pana moja kila baada ya mbao kadhaa zilizoshikana ni jambo jingine: vanishi imezigundisha mbao pamoja zikasinyaa kama kipande kimoja. Hilo nalo liandikwe.

Je, umrudishe yeye au utafute mwingine? Mpe nafasi ya kupima. Akija na kifaa, akakubali namba, akaweka maandishi, mwache arekebishe unyevu na mbao, lakini msasa na vanishi umtake alete mtu mwingine mwenye mashine nzima, kwa gharama yake. Vijana waliochora zile nusu duara wasiguse tena pembe za kuta zako. Akianza danadana, wiki hii mgonjwa, wiki ijayo msiba, weka tarehe ya mwisho kwa maandishi, na ikipita tumia ile asilimia 20 kumlipa wa pili. Kabla wa pili hajagusa kitu, piga picha kila kona na hakikisha ripoti ya vipimo iko mkononi, la sivyo wa kwanza atasema uharibifu uliletwa na wa pili.

Katika kumchagua huyo wa pili, sikiliza anachouliza. Anayetaja bei kwa mita ya mraba kabla hajauliza chini kuna nini na nyumba inakaaje, mshukuru umwache aende. Mwombe akupeleke kwenye sakafu aliyoiweka mwaka mmoja au miwili iliyopita, kwa kuwa kila sakafu ni nzuri wiki ya kwanza na picha za simu ni za wiki ya kwanza. Muulize kwa jina nani atashika mashine siku hiyo, na yeye atakuwa wapi. Mkataba utaje aina ya mbao, namba za unyevu zinazokubalika kabla ya kuanza, nailoni, mwanya wa ukutani, namba za msasa, aina ya vanishi na idadi ya makoti, na usawa wa sakafu ya chini: tunakubali bonde la milimita 5 katika urefu wa mita 3, zaidi ya hapo isawazishwe kwanza, vinginevyo mbao zitalia kila ukikanyaga. Malipo yafuate hatua, si siku. Sehemu ya kwanza vifaa vikifika na kupimwa, nyingine mbao zikiisha kuwekwa, nyingine baada ya msasa na kabla ya vanishi. Hapo ndipo ukague, maana mikwaruzo huonekana ukifuta sakafu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na bado ni rahisi kuiondoa. Cha mwisho, kisichopungua asilimia 15, ukibakize mpaka vanishi ikomae.

Akitumia mafuta ya kitani au bidhaa yenye mafuta hayo, matambara yake yasirundikwe usiku ndani ya nyumba. Hupata joto yenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke, au yatumbukizwe kwenye ndoo ya maji yenye mfuniko. Na ukinunua mbao za kubadilishia zilizoharibika, ongeza asilimia 10 juu ya hesabu, uzihifadhi ndani ya nyumba hiyohiyo, chini ya kitanda ikibidi, si kwenye stoo ya nje, ili siku ya kuzihitaji ziwe na unyevu uleule wa sakafu.